Umeamka Salama, Kumi na Saba?

Alama zile Shangazi aliziona hata chai haijamiminwa.

Ilikuwa Jumapili, na fundi alikuwa amekuja kujionyesha. Hakuitwa kutengeneza kitu. Aliitwa ale, aangaliwe, apimwe kimo na tabia na mwanamke aliyemlea Daktari tangu akiwa na miaka sita. Lakini friji ya Shangazi ilikuwa ikikohoa jikoni, na fundi wa majokofu gani atakaa sebuleni kwa raha zake huku anasikia jokofu linaumwa? Aliomba ruhusa kwa adabu zote, akavua saa, akakunja mikono ya shati lake jipya, akapiga magoti nyuma ya friji. Baada ya dakika kumi kikohozi kilikoma. Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, alijikuta anatabasamu peke yake.

Basi Shangazi akamletea mgeni taulo afute mikono. Fundi alipolipokea, Shangazi hakuliachia. Alikuwa ameuona mkono wake wa kushoto, pale ndani ya kiwiko, palipokuwa na alama tatu za sindano zimepangana. Moja ilikuwa imeanza kuwa manjano, ya pili ya kahawia, ya tatu bado zambarau.

"Hizi ni nini?" aliuliza.

Shangazi alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini, na sauti hiyo iliwahi kuwafanya wanafunzi wakiri hata makosa ambayo walikuwa bado hawajayafanya. Fundi aliutazama mkono wake kama kwamba ndio kwanza anauona. Kisha akamtazama Daktari. Ulikuwa mtazamo mrefu kidogo kuliko inavyostahili mbele ya watu wazima, na ndani yake kulikuwa na ombi ambalo Daktari hakulielewa.

"Si ugonjwa, Shangazi," alisema, akishusha mkono wa shati.

"Mwalimu. Shangazi naitwa na watu wangu."

"Si ugonjwa, Mwalimu. Lakini ni nini, siwezi kusema. Si leo."

Walikula. Vijiko ndivyo vilivyozungumza. Fundi alisifu chakula, Shangazi akasema asante kwa namna ambayo ilifunga mjadala, na saa tisa haijagonga mgeni alikuwa ameshaaga. Daktari alimsindikiza mpaka getini. Alitaka kumuuliza kwa utani, ili lisiwe jambo, lakini sauti ilimsaliti ikatoka nyembamba. Fundi alimshika vidole viwili tu, vya mwisho, kama alivyozoea, na akamwomba ampe mpaka Alhamisi. Alhamisi mchana angekuja mwenyewe kumweleza kila kitu. Kabla ya hapo asimuulize, na tafadhali asimfikirie vibaya. Daktari alivitoa vidole vyake taratibu.

"Miaka miwili tunajuana," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza unaniambia nisikuulize."

Fundi akaondoka. Daktari alibaki ameshika geti.

Ndani, Shangazi alikuwa anakausha vyombo ambavyo tayari vilikuwa vikavu. Hakupandisha sauti. Alimkumbusha mwanawe kitu ambacho hukitaja mara moja kwa miaka mitano: kwamba marehemu mumewe alikuwa na alama kama zile, na kila alipoulizwa alisema si ugonjwa. Alisema si ugonjwa mpaka wiki mbili kabla ya kuzikwa. Shangazi alijua jina la maradhi ya mumewe kwa kulisoma kwenye karatasi ya hospitali, peke yake, kwenye benchi.

"Mimi sina ubaya na ufundi wake," alisema. "Angekuwa anazibua mitaro ningempokea. Lakini sitaki uolewe na mtu anayejua kunyamaza. Na wewe mwanangu, unakesha na damu za watu. Hiyo ya mtu wako unaijua?"

Ya mtu wake Daktari hakuijua. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa, ili msimcheke bure, nawaeleza kazi yake ilikuwa nini. Daktari huyu hakuwa wa kutibu vikohozi. Alikuwa mtafiti wa kinga ya mwili, na ndani ya kinga hiyo alikuwa amechagua kitu kimoja akakipenda, seli T. Hao ni askari wadogo wanaozunguka kwenye damu ya kila mmoja wetu. Wengi wao wakishapigana na adui hufa, lakini wachache hubaki, na kazi ya hao wachache ni kukumbuka tu. Adui yuleyule akirudi baada ya miaka, wao ndio wanaopiga kelele kwanza. Daktari alitaka kujua wanakumbuka kwa muda gani. Swali dogo, lakini lilikuwa limemla miaka mitano ya ujana wake, na Shangazi alikuwa ameihesabu yote mitano kwa sauti.

Kwa hiyo miaka mitano nyuma watu arobaini wenye afya njema walichomwa chanjo moja, na tangu siku hiyo walikuwa wakitoa damu kila baada ya miezi mitatu. Nesi aliwatoa damu kwenye jengo la mbele. Vichupa vilivuka ua na kufika maabara ya nyuma vikiwa na namba tu. Majina yalifungiwa kabatini, na Daktari hakuwa na ufunguo wala hakuutaka. Ukutani, juu ya meza ya kuhesabia, Profesa aliyeanzisha maabara alikuwa amebandika karatasi yenye maneno mawili: ANAYEHESABU ASIPENDELEE. Maana kuhesabu seli si kama kuhesabu vikombe. Kwenye kioo cha mashine zinaonekana nukta maelfu, na ni mtu anayechora mstari na kusema hizi zimekumbuka, hizi hazikukumbuka. Mstari huo ukisogea unywele mmoja, jibu linabadilika. Mkono wa mtu huenda unakopenda hata mwenyewe akiwa mwaminifu. Ndiyo maana hakutakiwa kumjua mtoa damu yeyote.

Watoaji walipungua. Wengine walihama, wengine walichoka, mmoja alikuwa anazimia kila akiiona sindano mpaka akaombwa kwa upole apumzike. Walibaki kumi na mmoja, na kati yao Daktari alikuwa na kipenzi chake, ingawa karatasi ya ukutani ilimtazama. Ni Kumi na Saba. Kumi na Saba hakuwahi kukosa hata siku moja. Seli zake zilifika hai, safi, tele. Daktari alikuwa amemchora kichwani: mzee fulani mfupi, mstaafu, mwenye kitambi na kandambili, anayeamka alfajiri na kupenda redio. Kila kichupa chake kilipofika alikipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Kumi na Saba," alikiambia. "Umeamka salama?"

Na ndivyo alivyokutana na fundi. Ilikuwa asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, friza kubwa imezima na kampuni imeleta fundi mpya. Daktari hakujua kwamba kuna mtu. Alipokea kichupa, akasalimia kama kawaida yake, na sauti nzito ikajibu kutoka nyuma ya friza, "Nimeamka salama, asante." Kidogo aangushe kichupa. Kikatokea kichwa chenye vumbi, kikiwa kimeshtuka kuliko yeye. Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Alidhani ni mtu mwenye utani mwingi. Friza ile ilikuja kuharibika mara nyingi mwaka huo, na wenzake walianza kusema kwamba kuna mtu anailegeza nati.

Haya. Turudi kwenye wiki yenyewe. Mwezi huo, watoaji wote kumi na mmoja walikuwa wamepigwa chanjo ya kukumbushia, na walitoa damu kila Alhamisi, Alhamisi nne mfululizo. Damu ya Alhamisi ya nne ndiyo ingefunga hesabu ya miaka mitano. Najua mnataka kuuliza. Msomi mzima, alama tatu mkononi, Alhamisi nne, imekuwaje asijumlishe? Kwanza, mzee wa kandambili alikuwa amekaa kichwani mwake miaka mitano, na hakuna aliyemfukuza. Pili, mtu akiogopa hajumlishi, anaogopa tu. Jumatatu alimfikiria fundi na ugonjwa wa figo. Jumanne ilikuwa ini. Jumatano alikuwa ameshamzika. Akaja tena kumkasirikia, maana mtu anayekupenda na anaumwa akuambie, na mtu asiyekuambia basi hakupendi. Neno lenyewe la kupendana walikuwa bado hawajalitamka, yeye wala fundi. Walikuwa wamezunguka pembeni yake kama watu wenye viatu vichafu mbele ya zulia jipya.

Alhamisi iliingia na jua kali. Saa tatu vichupa vikavuka ua. Daktari alikuwa ameshavaa koti jeupe na glavu, na jirani yake wa meza ya pili, mtafiti ambaye wote walimwita Miwani kwa sababu alivaa moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, alimtania kwamba leo anaolewa na mashine. Daktari alicheka kwa adabu. Alipanga vichupa. Alipofika cha Kumi na Saba alikishika, kikiwa bado na uvuguvugu wa mwili wa mtu, na moyo ukamjaa.

"Karibu, Kumi na Saba," alinong'ona. "Umeamka salama? Mimi sijaamka salama."

Akafanya kazi yake. Mashine ilizungusha damu mpaka ikajitenga, akachukua ule ukungu mweupe wa katikati wenye seli, akaziosha, akazilisha vipande vya adui wa zamani ili zionyeshe kama zinakumbuka. Zingekaa kwenye joto mpaka kesho. Kesho asubuhi angekaa mbele ya kioo, achore mstari, ajue. Saa nane mchana Miwani alikwenda kula. Daktari alikuwa ameshika kisahani cha Kumi na Saba, anakipeleka kwenye kabati la joto, mlango ulipogongwa.

Alikuwa fundi. Shati limepigwa pasi, hana mkoba wa spana, kijiplasta kidogo cheupe ndani ya kiwiko, na safari hii hakukificha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo safari ndefu na sasa anaona nyumba.

"Imekwisha," alisema. "Nesi amenambia leo ndiyo mwisho, nisionekane tena pale. Sasa naweza kusema."

Akatoa mfukoni kadi ndogo iliyochakaa pembe. Daktari alizijua kadi hizo, maana ni yeye aliyezibuni, rangi ya kijani, muhuri juu, na nafasi ya namba. Hakutaka kusoma. Akasoma.

"Ni mimi, Daktari," alisema fundi. "Kumi na Saba ni mimi."

Alikiweka kisahani juu ya meza, polepole, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayelaza mtoto. Mzee wa kandambili aliondoka kichwani mwake bila hata kuaga. Fundi, maskini, alikuwa anaendelea kueleza kwa furaha. Kwamba alijiandikisha miaka mitano iliyopita baada ya kuona tangazo, hakujua hata maabara iko wapi. Kwamba siku ile nyuma ya friza aliposikia namba yake inasalimiwa, alijibu kwa kushtuka, akidhani ameitwa kweli. Kwamba alirudi nyumbani akaisoma upya karatasi aliyotia sahihi, ikasema mtafiti asimjue mtoa damu, akaapa kunyamaza. Angejitoa, lakini alishamsikia Daktari akisema kwamba Kumi na Saba akikosekana utafiti wote utachechemea.

"Miaka miwili nimekusikia unavyomsifu," alisema, na akacheka kidogo. "Kuna siku nilimwonea wivu. Na ni mimi mwenyewe."

Daktari hakucheka. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga, na fundi akaona, na furaha ikamtoka usoni hatua kwa hatua.

"Nimekosea wapi?"

"Haijaisha," alisema Daktari.

"Nesi amesema..."

"Kwako imekwisha. Damu ikishatoka kwako imekwisha. Kwangu ndiyo inaanza. Sijahesabu. Hizi hapa, bado. Kesho ndiyo nahesabu."

Fundi alikitazama kisahani. Halafu kadi iliyokuwa mkononi mwake. Aliirudisha mfukoni haraka, kama kwamba ikirudi mfukoni maneno nayo yatarudi. Mtu anayejua kila nati ya friza ile, na hakujua kwamba damu ikishatolewa bado inasubiri kutazamwa. Ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na yeye tu duniani, na alilifanya kwa sababu alisubiri kwa uaminifu mpaka siku ya mwisho, akakosea kwa siku moja.

"Hakuna aliyesikia," alisema. "Tuko wawili. Nitatoka, nitakuja tena Jumamosi, nitakuambia upya. Wewe hesabu zako. Sijasema kitu."

Na hapa, ndugu zangu, tusijifanye malaika. Daktari alilifikiria. Miaka mitano, jina lake likiwa la kwanza kwenye ripoti, Profesa aliyemwahidi kumwachia maabara kazi hii ikitimia, Shangazi aliyeuliza kila mwaka mpya lini itatimia. Mlango umefungwa, Miwani anakula. Angeweza. Aliinua macho ukutani, akayakuta yale maneno mawili yakimtazama kama siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chumba kile alilisikia neno la mwisho vizuri.

"Siwezi kuhesabu," alisema. "Nitapendelea."

"Wewe? Wewe huwezi kupendelea mtu. Nakujua."

"Nitapendelea." Machozi yalikuwa yanashuka sasa, na glavu zilimzuia kuyafuta. "Nitakaa pale kesho, nitaona namba yako, nitataka seli zako ziwe zimekumbuka. Nitataka ziwe zimekumbuka kuliko za watu wote. Mkono utasogea. Nitapendelea, kwa sababu napenda."

Friza tu ndiyo iliyoguna.

"Unapenda nini?" aliuliza fundi, polepole sana.

"Usinifanye niseme mara mbili."

"Sijasikia mara ya kwanza."

"Nakupenda," alisema Daktari, kwa hasira kidogo, kwa sababu hakuwa amepanga kulisema akiwa na kofia ya maabara kichwani. "Nakupenda wewe, na nilikuwa namheshimu Kumi na Saba, na sasa hesabu zenu wote wawili zimenipotea."

Fundi alivuka chumba. Alijua sheria za pale, hakugusa meza wala kitu. Alisimama mbele yake, akatoa leso mfukoni, akamfuta machozi yeye, upande huu kisha upande ule, kwa uangalifu uleule aliofutia vioo vya mashine. Mikono yake ilinuka sabuni ya hospitali.

"Mimi nilikupenda kabla ya kukuona uso," alisema. "Nilikuwa chini, nyuma ya friza, na mtu akaniuliza kama nimeamka salama. Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu mama yangu afariki."

Daktari aliegemeza paji la uso kifuani pake, glavu zikiwa juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Walibaki hivyo. Miwani aliporudi, tonge la mwisho likiwa bado linatafunwa, alishusha miwani ya juu ikakutana na ya chini, akakohoa.

Kilichofuata kilichukua robo saa, na naomba mjue kwamba robo saa ile ilimgharimu. Alikiingiza kisahani kwenye kabati la joto pamoja na vile kumi vingine. Alimwomba Miwani avibandike vyote lebo mpya zenye alama anazozijua Miwani peke yake, na kesho akae yeye mbele ya kioo, achore mistari yeye, amalizie yeye. Miwani alikuwa akigombania meza ile kwa miaka mitatu, na bado aliuliza mara mbili kama Daktari ana hakika, maana anayefunga hesabu jina lake hutangulia. Daktari alisema ana hakika. Kisha akachukua fomu ya makabidhiano, fomu ile ya kamati ya maadili ambayo kila mtu huijaza kwa neno moja, ugonjwa au safari. Mbele ya neno SABABU aliandika: Namjua mtoa damu mmoja. Akatua kalamu. Akaiinua tena, akaongeza: Na nampenda.

"Hilo la pili si lazima," alisema Miwani, akisoma juu ya bega lake.

"Ndilo lenyewe."

Fundi alikuwa anamsubiri uani, kwenye ngazi. Alimwomba radhi tena, akamwambia angejua angengoja hata mwaka. Daktari alikaa kando yake, bila koti sasa, mikono mitupu. Kilichomuuma, alisema, si jina kwenye ripoti. Ni kwamba kesho Miwani ataona na yeye hataona. Miezi itapita kabla kamati haijafungua majibu, na huenda wakaamua kukitupa kichupa cha Kumi na Saba kabisa. Miaka mitano alikuwa anataka kuziuliza zile seli swali moja.

"Huenda nisijue kama zilikumbuka," alisema.

Fundi alikunja mkono wa shati, akamwekea mkono wake mapajani, plasta juu.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Yupo hapa. Anakumbuka kila kitu."

Daktari aliinama akaibusu ile plasta.

Ilibaki kesi ya Shangazi. Siri ya mtoa damu ni mali ya mtoa damu, Daktari hakuweza kuisema hata kwa mama mlezi wake, kwa hiyo Ijumaa fundi alipiga simu mwenyewe. Shangazi alisikiliza akiwa amesimama. Alisema "nimesikia" mara tatu, akakata, akanywa maji bilauri nzima. Hakusema lolote mpaka Jumamosi jioni, alipomkuta Daktari anakunja nguo, akaketi kitandani.

"Kwa hiyo walimpima?"

"Miaka mitano, Shangazi."

"Moyo, ini, figo?"

"Kila kitu. Mgonjwa hapokelewi. Ndiyo maana ya utafiti."

"Na alijua kwamba akifungua mdomo mbele yangu, mimi nitamwamini, na wewe utaharibikiwa kazi."

"Alijua."

Shangazi alilichukua shuka, wakalikunja wawili, pembe kwa pembe, kama walivyofanya tangu Daktari hajafikia urefu wa kamba ya kuanikia. Alisema kwamba katika miaka thelathini ya ualimu mkuu hakuwahi kukutana na kiumbe aliyeweza kumnyamazia yeye, macho kwa macho, kwa faida ya mtu mwingine. Mumewe, Mungu amrehemu, alinyamaza kwa kuogopa kuonewa huruma. Akatua hapo. Alilikumbatia shuka lililokunjwa, na Daktari akaona kidevu cha Shangazi kinatetemeka, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu siku walipomzika marehemu. Walikaa bega kwa bega mpaka kikatulia.

Jumapili, saa nne kasoro dakika tano, kengele ya mlango ililia. Daktari aliruka kutoka kwenye kiti, lakini Shangazi alikwisha kumtangulia, amevaa kitenge chake cha kutokea, mgongo umenyooka. Aliufungua mlango mzima. Kizingitini alisimama fundi, shati lilelile jipya, mikono imefungwa vifungo mpaka mwisho, macho chini kama mwanafunzi aliyechelewa.

Shangazi alimwangalia juu mpaka chini, chini mpaka juu. Alichukua muda wake.

"Karibu, Kumi na Saba," alisema. "Umeamka salama?"

Fundi aliinua uso. Alimtafuta Daktari nyuma ya bega la Shangazi, akamkuta amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nimeamka salama," alijibu. "Asante, Mwalimu."

"Mwalimu alistaafu," alisema Shangazi, akisogea kando apite. "Niite Shangazi. Na ukunje hiyo mikono ya shati, nyumba hii ina joto."